Mashine Inaomba Namba

…na bado wananipigia huo muziki wao, kinanda kinapanda, kinanda kinashuka, halafu ile sauti ya mwanamke asiyejua jasho, simu yako ni muhimu kwetu, tafadhali subiri, yawa, nasubiri tangu saa tatu asubuhi na sasa jua liko utosini, nimekalia kreti ya samaki ndani ya chumba cha barafu cha kikundi chetu cha akina mama hapa Asembo Bay, sikio limeiva kwa simu, na mbele yangu mashine yenyewe ya kutengeneza barafu, kimya, taa yake nyekundu, na kwenye kioo chake maneno yale yale, betri asilimia mia, ingiza namba… asilimia mia! yaani imeshiba, imekula jua letu tangu alfajiri mpaka inacheua, paneli ishirini na nne zinang'aa juu ya bati, na haifanyi kazi, inaomba namba, na namba iko kiwandani, na kiwanda kiko kwenye nchi yenye vita, na nchi yenyewe ukinionyesha ramani nitaweka kidole baharini.

"Mama Mwenyekiti, barafu ya juzi inalia," anasema Ouma pale mlangoni, na kweli naisikia, to, to, to, maji yanatoka chini ya masanduku yanaelekea mfereji, Ouma ni fundi wa friji, kazi aliisomea soko la Kibuye kwa kufungua friji za watu waliokata tamaa, ana bisibisi mkononi na hajakaa chini tangu aje, kwa sababu neno ninalo mimi, yeye lake alishasema, Mama, kompresa, huo moyo wa mashine, haijui namba, kompresa inajua moto wa umeme umekuja au haujaja, kinachouliza namba ni kadi ndogo tu hapo nyuma, nikiiruka hiyo kadi kwa waya, mashine itaunguruma kabla hujamaliza chai… lakini kadi iko nyuma ya kifuniko, na kifuniko kina sili, kijikamba chekundu cha plastiki kisichozidi kidole changu kidogo, na mkataba unasema sili ikikatwa basi, hakuna vipuri, hakuna fundi wao, na wakitaka wanakuja na lori wanaing'oa mashine yao, ndiyo, yao, tumeilipia miaka miwili na bado inaitwa yao, na aliyesaini ni mimi, Caren, kurasa kumi na moja za Kiingereza, nikizisaini huku mbuzi anachunwa nje na wageni wanavaa fulana zilizoandikwa jina la kiwanda, ni nani asome kurasa kumi na moja na harufu ya nyama inaingia dirishani? Na kila tarehe moja ujumbe ulikuwa unaingia kwenye simu, namba kumi na sita, nazibonyeza, taa inageuka kijani, nikidhani ni kama tokeni za stima, nilikuwa hata najisikia vizuri, mashine inaniamkia kila mwezi, na mwezi huu ujumbe haukuja, Caren wewe, ulikuwa unaomba ruhusa ukidhani unasalimiwa.

Dorca ameingia tena, hanitazami, anakwenda kwenye sanduku lake, anainua kifuniko, anambonyeza samaki wake wa mbuta kwa kidole hapo nyuma ya kichwa, anangoja aone kama nyama itarudi, inarudi, polepole, anafunika, anatoka, angenitukana ningepumua, maana huyu nilimtoa mimi kwenye tanuri lake, alikuwa anabanika samaki tangu mumewe afe, macho mekundu kama pilipili, nikamwambia, Dorca, vunja hilo tanuri, moshi utakupofusha, njoo kwenye barafu, akalivunja, na matofali yake ndiyo tuliyojengea hizo ngazi za mlangoni, kila akiingia humu anakanyaga tanuri lake mwenyewe, na samaki walio humu ni wa siku tatu, wa wanawake ishirini na wawili, kwa sababu lori la mnunuzi lilikuwa linakuja kila siku na sasa linakuja Alhamisi peke yake, dizeli hakuna, na leo Jumanne, na mbuta hajui Alhamisi, mbuta anajua barafu, tukiwakaanga wote nani atawala, kijiji kizima kina samaki, mnunuzi anataka mbichi, na huyo akifika akute wameoza hatarudi tena… simu yako ni muhimu kwetu… ni muhimu basi ipokeeni!

Na mdomo wangu, Nyasaye, Mungu wangu, huu mdomo, vita vilipoanza na redio ikasema mlango wa bahari zinakopita meli za mafuta umefungwa, na pale Kisian foleni ya petroli ikatoka kituoni ikashika barabara ya Busia, watu wa bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao, mimi nilipita kwa miguu nikacheka, nikawaambia poleni, ninyi mnaongoja mafuta ya watu, jua langu mimi halipiti bandarini, nikasema hivyo hivyo, kwa sauti, na kanisani nikarudia nilipoombwa kutoa ushuhuda, na leo asubuhi Opiyo, ambaye mashua yake haina petroli wiki ya tatu na anapiga kasia mpaka mabega yamevimba, amepita hapo nje akaniita, "Mama Mwenyekiti, vipi, jua limeisha?" na wote wakacheka, hata wenzangu wa kikundi, na mimi nikacheka ili nisilie, maana jua halijaisha, Opiyo, jua liko, ziwa liko, samaki wako, bati letu, mikono yetu, kilichobaki huko mbali ni ufunguo tu, na mwenye ufunguo ana vita vyake.

Halafu huyu msichana wa wakala wa kiwanda, Rehma, yuko ofisi ya Nairobi, ana adabu, simchukii, "Mama, tunaelewa hali yako," akasema, unaielewa vipi mwanangu, umeshawahi kunusa mbuta wa siku nne, "Mama, hata sisi tunangoja, mitambo ya kiwandani imezimwa tangu Ijumaa, namba hazitoki, hebu nimuulize mkubwa wangu, usikate," na mimi sijakata, mkubwa wake naye labda anamuuliza mkubwa wake, na yule anauliza shimo la bomu… na tena si sisi peke yetu, jana jioni redio ilikuwa inataja nchi kubwa kubwa, hizi za ndege na maghorofa, moja inalia gesi ya jirani yake, moja imefunga kiwanda cha magari kwa kukosa vijidude vya kompyuta vidogo kama mbegu ya ufuta vinavyotengenezwa kwa watu wengine, nikamwambia redio, kumbe! kumbe hata wakubwa wanapika jikoni kwa mama mkwe.

Maana mimi nimepika huko, nalijua hilo jiko, nilipoolewa hapa kutoka Awasi sikuwa na moto wangu, kwetu bibi harusi hajiwekei mafiga, anapika jikoni kwa mama mkwe mpaka siku atakayopewa mafiga yake, na mimi sikupewa, mwaka ukapita, wa pili ukapita, kila asubuhi nabisha hodi, mama naomba kuingia, mama chumvi iko wapi, na kuni nimekata mimi, na maji nimechota mimi, na unga nimesaga mimi, ila mlango una kufuli na ufunguo uko shingoni kwake umefungwa kwa uzi, kisha siku moja akaenda matangani, akasahau, ama hakusahau, akaondoka na ufunguo shingoni, siku nne, mtoto wangu wa kwanza ana miezi tisa, analia njaa, unga uko kwenye debe, na jiko limefungwa, na majirani wananiambia vumilia, nyar Awasi, binti wa watu, huwezi kujiwekea mafiga, utaleta laana, vumilia atarudi, sauti zao zilikuwa na adabu kama ya huyu Rehma… siku ya kwanza nilivumilia, niliomba uji kwa watu, siku ya pili mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, nikainuka, nikaenda ziwani nikachagua mawe matatu, nikayabeba moja moja kichwani, nikayapanga nyuma ya nyumba, nikawasha, nikapika, mtoto akala, laana haikuja mchana, haikuja usiku, na siku ya nne mama mkwe akarudi akaona moshi.

"Mama," anasema Ouma, "lile sanduku la mwisho limebaki maji matupu," namsikia, namsikia Ouma, lakini ngoja kwanza, mama mkwe yuko mbele yangu, amesimama na kitambaa chake cha matanga kichwani, anayatazama mafiga yangu, mimi nimepiga magoti nimemshika mtoto kwa nguvu, namngoja aniite mchawi, na yeye anatoa mguu, anasukuma jiwe la kwanza, limekaa, la pili, limekaa, la tatu linacheza, akaniambia, "Hili hukulichimbia vizuri, chungu kitakumwagikia," basi, akaingia ndani kwake, ufunguo shingoni, na toka siku hiyo sikubisha tena, na miaka yote hii nimekuwa nikisimulia kwamba yeye ndiye aliyenipa mafiga, uongo, hakunipa, hakuna aliyenipa, alinikuta nayo.

…tafadhali subiri… kinanda kinapanda, kinanda kinashuka, taa nyekundu, to, to, to, kila kitu kiko pale pale kilipokuwa, na mimi nilikuwa nimekaa hapa naogopa nini, kijikamba? wataifunga mashine? imeshafungwa! watatunyima fundi? fundi ni huyu hapa amesimama miguu inamuuma! watakuja na lori kuing'oa? waje, waje tu, dizeli ya kufika Asembo Bay wataitoa wapi, na wakiipata, watanikuta mlangoni, juu ya matofali ya Dorca, tuzungumze hizo kurasa kumi na moja kwa Dholuo, lugha yetu, na huenda nikapoteza kiti, huenda kikundi kikasema Caren alituharibia mkataba, haya, wamchague mwingine, lakini Alhamisi watamchagua wakiwa na samaki wazima, nimemaliza, nimebisha hodi vya kutosha maishani mwangu, mtoto analia na unga uko kwenye debe… Simu sitaikata, hapana, nitaiweka hapa juu ya mashine na muziki wake, Rehma akirudi asubiri kidogo, na yeye ni muhimu kwetu, na Ouma asiguse sili, fundi asije akalaumiwa kwa mkono usio wake, mimi nilisaini, mimi nakata, halafu yeye afanye waya zake na achimbie vizuri, isicheze. Ananitazama, hajui bado, anafikiri nalia, labda nalia kweli, na mkono wangu umeshanyooka.

"Lete hiyo bisibisi, Ouma."