Aliyeshika Kamba ya Fahali

Mwuza karatasi za kufungia bidhaa alimjua fundi cherehani kwa tabia moja. Kila Jumamosi alikuja na kikapu, akapiga magoti mbele ya lundo la magazeti makuukuu na kuchambua mpaka apate ng'ombe. Siasa aliziacha. Mitindo ya nguo aliiacha pia, ingawa ndiyo iliyomlisha. Alichotaka ni jarida la chama cha wafugaji, lile la zamani, lenye fahali mmoja kwenye jalada, amesimama kiubavu, kichwa juu, tuzo yake imeandikwa chini.

"Wenzako wanakusanya vyombo vya kabatini," mdogo wake alimwambia, "wewe unakusanya pembe."

Fundi hakumjali. Nyumbani alifuta vumbi, akatandika kitambaa chenye unyevu juu ya kila ukurasa na kuupiga pasi ya uvuguvugu mpaka makunyanzi yaishe.

Wale fahali wekundu wenye doa jeupe usoni walikuwa kazi ya babu yao, mzaa mama. Miaka yote aliyokaa ranchi, yeye ndiye aliyechagua dume lipi lipande jike lipi, na ndama akiugua alilala naye zizini. Mwenye ranchi aliishi mjini. Alikuja siku za maonyesho akiwa amevaa buti safi. Aina ile ya ng'ombe ikapewa jina la mwenye ranchi. Babu alipozeeka aliambiwa achukue godoro lake aondoke, na alikufa akilinda geti la watu wengine. Jambo hilo lilimuuma fundi, wala hakulificha.

Sasa chama kilikuwa kinaandaa toleo la maadhimisho, na fundi alitaka kitu kimoja tu: jina la babu liandikwe humo, kwamba ndiye aliyeianzisha aina ile. Katibu wa chama alimjibu kwa upole kwamba babu haonekani katika picha hata moja. Kweli hakuonekana. Wapiga picha wa enzi hizo walitaka fahali peke yake, kwa hiyo mchunga ng'ombe aliambiwa asimame pembeni, nje ya picha, avute kamba ili kichwa kiinuke. Kamba ilitoka puani mwa fahali ikaenda mpaka ukingo wa ukurasa. Hapo iliishia.

"Mwenye nguvu mpishe, Dada," mdogo wake alisema.

"Nimempisha tangu nizaliwe. Sasa nimechoka kusimama kando."

Jumatano mchana kitambaa kilikuwa kimelowa kupita kiasi na pasi ilikuwa ya moto. Fahali wa jalada aliweka kwato moja juu ya meza, kisha ya pili, akateremka sakafuni na kumwaga kopo la vifungo. Alisimama kati ya cherehani na kabati akihema. Fundi aliondoa sketi ya mteja isije ikaliwa. Kamba ilikuwa bado imekazana kuelekea kwenye karatasi, basi akaishika, akavuta taratibu kama anayetoa uzi kwenye pindo. Ukatokea mkono, halafu shati la kaki, halafu babu mzima, kofia ameibana kwapani.

Alikuwa kijana. Fundi alimzidi umri kwa mbali, lakini babu ni babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu. Wameshamaliza kupiga?"

"Zamani sana."

"Mbona hawakuniambia niachie?"

Akahamishia kamba mkono wa pili, akawa anakunja na kukunjua vidole vilivyokufa ganzi.

Mdogo wa fundi, ambaye alikuwa mpishi wa shule, alirudi kutoka kazini akamkuta babu anakunywa chai na fahali anatafuna ua wa jirani. Aliamkia, akakaa, akavua viatu.

"Na huyu ng'ombe atalala wapi?"

"Uani," fundi alisema.

"Sawa. Lakini Babu si tulimzika?"

"Mliyemzika ni yule aliyeondoka baada ya picha," babu alisema. "Mimi niliambiwa nishike."

Maelezo yalimtosha. Akamwongezea sukari.

Kesho yake walikwenda wote watatu kwenye ofisi ya chama: fundi, babu na fahali. Katibu aliinuka, akampa babu kiti na kuomba fahali aachwe koridoni kwa sababu ya zulia.

"Huyu hapa," fundi alisema. "Ulisema haonekani."

"Mzee namwona, karibu sana. Kwenye picha ndiyo hayumo."

"Kamba imo," babu alisema.

"Kamba imo, naam. Lakini kamba haina jina." Katibu alishusha sauti. "Mama, sisi wote tunajua. Hata mwenyekiti anajua. Ila nikiandika kwamba ng'ombe ni kazi ya mzee, kesho mtu atauliza na malisho aliyafyeka nani, na mwenye ranchi aliyapataje. Warithi wake ndio wafadhili wetu."

"Basi mtu aulize."

"Chai mnakunywa?" katibu akauliza.

Walitoka bila kunywa. Nje ya ofisi babu aliitazama ile kamba, akafungua vidole na kuiachia ianguke chini. Fahali hakwenda popote. Alimfuata babu tu. Lakini katika majarida mengine yote kamba zililegea wakati uleule. Ng'ombe walishuka kutoka maktaba, kutoka fremu za ofisi ya chama, kutoka ukuta wa sebule ya warithi. Kufikia alasiri walikuwa wamejaa barabarani wakielekea kwa fundi, na madereva waliwapigia honi kama wanavyowapigia ng'ombe wowote. Kwenye kurasa yalibaki majani, na jina la mwenye ranchi chini yake.

Katibu alifika siku ya pili na mpiga picha. Toleo lilikuwa linasubiriwa kiwandani na jalada lilikuwa tupu.

"Picha moja tu," alisema. "Tunaomba."

"Na jina?" fundi akauliza.

"Jina ni lilelile."

Mdogo mtu alishika mwiko akataka kuwafukuza, lakini babu alisema waachwe. Mpiga picha alisogeza jicho kwenye kamera.

"Mzee, sogea pembeni kidogo. Zaidi. Nje kabisa. Halafu uvute kamba, kichwa kiinuke."

"Vuta wewe," babu alisema, akampa katibu kamba. Kisha akavaa kofia yake, akaenda mbele ya fahali na kumkumbatia shingo kwa mikono miwili, shavu kwa shavu, akatazama kamera bila kupepesa. Waliomba, wakabembeleza, wakamsubiri achoke. Mtu aliyeshika kamba miaka yote hiyo hachoki kwa kukumbatia. Picha ikapigwa hivyohivyo.

Siku ya maadhimisho jarida liligawiwa ukumbini. Kumkata babu bila kukata shingo ya fahali kulishindikana, hivyo chama kilikata vyote, na jalada lilikuwa na makalio ya ng'ombe mwekundu, miguu miwili ya nyuma na mkia. Chini yake liliandikwa jina la mwenye ranchi, mwanzilishi. Warithi walisimama, watu wakapiga makofi, na mwenyekiti alisifu umbo la fahali.

Fundi alikwenda kwa miguu yake kuchukua nakala. Mdogo wake aliisoma uani, mstari kwa mstari, akaanza tena mwanzo kuhakikisha.

"Wamekukata tena, Babu."

Babu aliichukua, akaishika mbali kidogo na macho.

"Wamenikata," alisema. "Ila safari hii wamebaki na mkia."

Akamrudishia, akaenda kuwanywesha ng'ombe maji.