Bi. Hidaya Hayupo

Usiku wa kuamkia siku ya wageni, Stumai Shekifu alisinzia kompyuta ikiwa bado mapajani, akaota ndoto ambayo mpaka leo hawezi kuisimulia akiwa amekaa.

Stumai aliandika programu katika kampuni ndogo ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyouza kitu kinachoitwa Jibu. Jibu ilikuwa mashine ya kujibu wateja. Ukiliuliza duka la magodoro usiku wa manane kama wana la futi sita, Jibu inakujibu papo hapo, kwa adabu, halafu inakuuliza mgongo unaendeleaje. Watu waliisifu sana. Siri ya kampuni ilikuwa moja tu: hapakuwa na mashine. Ilikuwa bado haijakamilika, na waliyekuwa wakimsifu ni Bi. Hidaya, mama mtu mzima aliyewahi kupokea simu hotelini. Mchana aliketi chumba cha nyuma akiandika majibu, na usiku aliendelea kwa simu yake akiwa kitandani. Waliojua ni Bi. Hidaya mwenyewe, Stumai, na Gervas, bosi wao. Asubuhi walikuwa wanakuja wageni waliotaka kuinunua kampuni, na walitaka kuiona hiyo mashine.

Basi ndotoni, Stumai yupo Sinza, kwenye banda la chipsi ambako yeye na wenzake wa kompyuta hukutana wakichelewa kutoka kazini. Mbele yake ameketi Kizito, rafiki yake tangu chuoni, fundi wa mifumo ya benki. Anakula mishikaki na kulalamika.

"Mtandao uko chini," anasema Kizito.

Wanainama kuutazama chini ya meza. Upo kweli. Umejikunja karibu na kreti ya soda, unahema.

"Uache upumzike," anasema Stumai.

Mhudumu anakuja. Ni printa ya ofisini, amevaa aproni.

"Karatasi imekwama," anasema printa, maana hawezi kuanza kusema bila kutanguliza hilo. "Nani anakula kiapo cha kutunza siri?"

"Si mimi."

"Bosi wako amesema ni wewe. Kipo cha kukaanga na cha kuchoma."

Stumai alikula cha kuchoma. Kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu, kikaja na kachumbari. Kizito alimsogezea pilipili, akamtazama akitafuna mpaka akamaliza.

"Sasa niambie," akasema Kizito. "Mimi na wewe hatufichani. Hiyo Jibu yenu mmeitengenezaje? Juzi nimeiuliza habari za friji, ikanipa pole ya msiba. Ilijuaje kama tumefiwa?"

"Hukuitajia?"

"Niliandika tu kwamba friji iwahi kufika, watu ni wengi nyumbani na hatuna pa kupoza maji."

Stumai alifungua mdomo aseme ni hesabu tu. Kiapo kikagonga tumboni, kama mtu aliyefungiwa bafuni. Akafunga mdomo. Ndipo siri ilipoanza kuvuja.

Ilivujia kwenye kiwiko. Tone moja, halafu jingine. Watu wa meza za jirani waligeuka, hawakushangaa, wakaanza kusogeza vikombe.

"Siri yako inavuja," Kizito alimwambia kwa upole. "Ni ya nyumbani au ya kampuni?"

"Ya kampuni."

"Pole. Za kampuni zinaacha doa."

Anakinga kikombe. Stumai anainuka, anakimbilia jikoni kutafuta kitambaa, anausukuma mlango wa jikoni, anatokea ofisini Mikocheni.

Gervas yupo. Amechomekwa ukutani kwa waya wa chaji.

"Usinisogeze, sijajaa," anasema. "Mbona unadondosha maji?"

"Inavuja, bosi."

"Ziba, mdogo wangu. Chukua tai yangu uzibe. Wageni wako kwenye lifti."

"Jengo hili halina lifti."

"Ndiyo maana hawajafika."

Stumai akafunga kiwiko kwa tai. Hakutulia hata hivyo. Alitembea kutoka meza hii kwenda ile, akagusa viti, akarudi. Tai ilikuwa inalowa. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya, na chumba kile hakijawahi kuwa kimya.

"Kamwambie Hidaya ajiandae kutokuwepo," alisema Gervas.

Mlango wa chumba cha nyuma ulimzuia.

"Neno la siri," ulisema.

Stumai alilitaja.

"Umelisema kwa sauti. Si la siri tena. Badili."

Akanong'ona jingine.

"Sasa tunalijua wawili. Badili."

Akajaribu jina la shule yake ya msingi, akajaribu la paka wa jirani. Mlango ulikataa kila neno, bila hasira, kama karani anayekaribia kufunga dirisha. Mwisho Stumai alichoka, akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akanyamaza.

"Hilo ndilo," ulisema mlango, ukafunguka.

Gervas alikuwa na kawaida ya kuwaambia wateja kwamba kila kitu cha kampuni kiko kwenye wingu. Kumbe ni kweli. Chumba hakikuwa na sakafu, kilikuwa na wingu, limejaa unyevu na limebonyea katikati. Hapo katikati palikuwa na meza, na nyuma ya meza Bi. Hidaya anaandika.

"Shikamoo, Bi. Hidaya."

"Marahaba, mwanangu. Usikanyage hapo, pamelegea."

Stumai alizunguka meza, akaona. Bi. Hidaya alikuwepo mpaka kiunoni. Kutoka kiunoni kwenda chini kulikuwa na kiti tu.

"Miguu iko wapi?"

"Imeondoka baada ya adhuhuri. Bwana Gervas aliwaambia wageni kwenye simu kwamba hapa hamna mtu. Aliposema mara ya kwanza vikaenda vidole. Wakamwomba arudie, hawakuwa wanasikia vizuri." Aliyasema hayo bila kuacha kuandika, maana kuna mtu alikuwa anasubiri godoro. "Mimi sina neno. Ila Jumamosi Mwanaidi wangu anaolewa Korogwe. Nimeomba ruhusa, bosi amesema mashine haina binti. Haya, hata akiniruhusu, mama wa bibi harusi huwa anainuliwa kitini acheze. Mimi wataniinua nini?"

Stumai alitaka kumshika mkono, akaogopa kwamba utabaki kwake.

Wageni wakaingia. Walipitia dirishani, dirisha la kwenye kompyuta, mmoja mmoja, wakijikung'uta suti. Aliyewatangulia alikuwa mama mmoja mrefu mwenye miwani. Alikaa mbele ya meza, hakumsalimia yeyote, akaandika swali lake kwenye kioo: Je, hapo kuna mtu?

"Jibuni hakuna!" Gervas alipaza sauti kutoka ukutani.

Bi. Hidaya aliinua mkono aandike. Mkono uliishia kwenye kiwiko.

"Stumai, andika wewe. Neno moja tu, mdogo wangu, halafu wote tumepona."

Stumai anakaa. Anaandika H, na bega la Bi. Hidaya linaondoka. Anaandika A, kinaondoka kifua. Vidole vyake vinaendelea, vimezoea kutumwa. Kwenye K kimebaki kichwa na kilemba.

"Usiogope, mwanangu," kilisema kichwa cha Bi. Hidaya. "Ila ukimaliza nifungie dirisha, nasikia baridi."

Stumai aliondoa mkono. Akaifungua tai.

Printa alichungulia mlangoni na aproni yake. "Karatasi imekwama. Kiapo hakirudishwi jikoni."

"Sikirudishi," alisema Stumai. "Nilishakila. Kimeisha."

Kisha akamgeukia yule mgeni, akamwambia kwa mdomo wake mwenyewe, "Mtu yupo. Anaitwa Hidaya Mhina. Jibu yote ni yeye."

Siri ikamwagika. Haikuwa matone tena. Ilitoka kwenye kiwiko kama bomba la mtaa lililopasuka, ikajaa juu ya wingu, ikapanda. Kila ilipofika, Bi. Hidaya alirudi. Lilirudi bega, ukarudi mkono ukiwa na bangili, ikarudi miguu, na miguuni viatu vyeupe vipya ambavyo bado vilikuwa na karatasi ya dukani ndani. Alisimama navyo katikati ya maji. Alivitazama kwa masikitiko kidogo.

Mgeni mwenye miwani alipandisha miguu juu ya kiti.

"Godoro la futi sita lipo?" aliuliza.

"Lipo," alisema Bi. Hidaya. "Mgongo unaendeleaje?"

Yule mama alijishika kiuno. Alisema siku nyingi hajaulizwa.

"Stumai!" Gervas alikuwa akiyatazama maji yanavyousogelea waya. "Nichomoe, mdogo wangu, nichomoe!"

Stumai anapiga maji kwa mikono, anafika ukutani, anashika plagi, anaivuta. Giza.

Alipozinduka kulikuwa kumepambazuka. Kompyuta ilikuwa imezimika mapajani, shingo inamuuma. Alijipapasa kiwiko. Kikavu. Alitembea chumbani kwenda na kurudi, akaishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akampigia Bi. Hidaya.

"Bi. Hidaya, shikamoo. Leo usipite uani. Pita mlango wa mbele, wageni wakuone."

"Marahaba. Gervas anajua?"

"Namwambia sasa hivi, kabla hawajafika. Akitaka kunifukuza anifukuze. Na Jumamosi unakwenda Korogwe."

"Ewaa," alisema Bi. Hidaya, na sauti yake ilikuwa nyepesi. "Basi nitachelewa kidogo, mwanangu, nipate jua la kuanikia. Vile viatu nilivyonunua vya harusi, nilivihifadhi ndani ya boksi, juu ya kabati. Nimeamka nimevikuta vimelowa chepechepe, na boksi ni kavu."