Nani Alimfukuza Nasra

Tamthilia ilipoisha, ubishi ulianza saluni kwa Shamimu, pale Kiwalani. Nasra, mke wa mtu ndani ya tamthilia hiyo, alikuwa ameondoka kwa mumewe bila kuaga.

“Kosa ni lake,” alisema Recho, mteja aliyekuwa akisukwa. “Halafu yule dada hajui kuigiza. Analia, machozi hakuna! Na anatokaje na begi kubwa vile mchana kweupe, asionwe hata na jirani?”

Shamimu alicheka, akamgeukia mama mkwe wake, Bi Tabu, ambaye kwa kawaida hakuwa na huruma na wake wa kwenye tamthilia.

“Kosa ni la mama mkwe,” alisema Bi Tabu. “Alimsikia mtoto wa watu akilia chumbani, akaongeza sauti ya redio.”

“Redio gani tena, bibi? Mie sijaona redio,” alisema Recho.

Mikono ya Shamimu ilisimama. Hata yeye hakuona redio. Lakini mwaka wa kwanza wa ndoa yake alilia sana, katika chumba kilichopakana na cha Bi Tabu, na miaka yote alijiambia kwamba hakuna aliyemsikia.

“Kumbe ulinisikia, mama?”

“Nilikusikia. Niliona aibu kuingia, nikasema utazoea. Nisamehe, mwanangu.”

Shamimu alijifuta macho kwa mgongo wa kiganja, kisha akasogeza stuli karibu yake.

“Njoo ukae huku, mama,” alisema. “Unishikie rasta.”