Nyama Isiyoliwa Gakoromone

Jaji aliikata kesi ya fidia ya Gitari vipande viwili. Mzungu mwenye kiwanda cha mbao akaondolewa, kwa kuwa si yeye aliyemwandika Gitari kazi. Aliyemwandika ni Kithaka, mwenye kandarasi ya kupasua magogo. Kesi dhidi ya Kithaka ikabaki. Gitari akatoka mahakamani Meru ameufunika kwa kofia mkono wake wa kulia, ule ulioliwa vidole na msumeno wa kiwandani, na mkewe Wawira akamfuata.

"Tukate rufaa leo leo," Gitari akamwambia Idrisi, karani wa wakili wao. "Pasi zetu za kuwa huku Meru zinakwisha kesho. Na ukikutwa huku bila pasi wakati huu wa hali ya hatari, unajua unakolala."

"Haiwezekani, ndugu yangu. Kesi bado ina mguu mmoja ndani. Wakili ameomba ruhusa tupande juu na hii nusu, jaji amekataa. Basi ni kungoja. Ya Kithaka ikishaamuliwa, ashinde ashindwe, hapo kesi nzima imekwisha, na hapo ndipo mtakata rufaa juu ya mzungu."

"Na nikipatana na Kithaka?"

"Utapanda mikono mitupu. Huko juu hawaanzi kuita mashahidi; wanasoma yaliyosemwa hapa. Nani amesema hapa kwamba mzungu ndiye aliyeamuru kinga ya msumeno itolewe? Mzee Njoka aliona, na Njoka bado hajasimama kutoa ushahidi."

Wawira aliyasikia yote akitazama chini. Shule aliiacha darasa la tatu, na mbele ya wanaume maneno yalimkauka mdomoni.

Walipofika na Idrisi soko la Gakoromone, Kithaka alikuwa ameketi kando ya bucha na Mzee Njoka, nyama ya mbuzi ikitoa moshi juu ya majani ya mgomba.

"Mtu wa kwetu, njoo," Kithaka akaita. "Ya mzungu imekwisha. Hii yetu sisi watu wa Embu tuimalize kinyumbani."

Idrisi akacheka. "Kuleni tu. Korti haijui nyama." Akaaga, akaenda kuswali.

Gitari hakuwa ametia kitu kinywani tangu alfajiri. Akanyoosha mkono wa kushoto. Wawira akamwona Njoka: kisu kimetulia gotini, macho ameyakaza kwenye ule mkono. Hapo akaelewa. Kwao, waliogombana wakila mbuzi mmoja, neno limezikwa, na atakayelifukua anajitafutia laana. Korti haikujua nyama, lakini Njoka aliijua.

"Baba Lydiah, usile," akamwambia mumewe.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. Wauza viazi wakageuka.

"Kumbe!" Kithaka akasema. "Gitari, ulioa au uliolewa?"

Watu wakacheka. Gitari akamkazia mkewe macho, mkono ungali hewani. Wawira alijua amemwaibisha mtu ambaye hata jembe halishiki tena, na ambaye jioni ile hakuwa na chakula kingine. Hata hivyo akamgeukia mzee.

"Baba, wakila, utasimama kortini?"

Njoka akafikiri. "Wakila nitasimama niseme nini, mwanangu? Neno litakuwa limekwisha."

"Nyama inapoa," Kithaka akasema.

Gitari akamtazama Njoka. Kisha akaurudisha mkono, akaupangusa kwenye suruali ingawa haukuwa umegusa kitu.

"Kithaka, wewe sikuchukii," akasema. "Ungekuwa peke yako ningekula. Lakini nikimalizana nawe hapa, na yule mzungu nimemalizana naye."

Kithaka hakucheka tena. "Mimi ndiye nitakayebaki kizimbani, ndugu yangu. Mimi na watoto wangu."

"Najua."

Njoka akakifuta kisu kwa jani, akayasukuma majani ya nyama upande wa Kithaka. "Wafungie nyama hao watoto wako," akamwambia. Kisha akauliza, na hakumwuliza Gitari, alimwuliza Wawira: "Kesi inarudi lini? Nianze kuomba pasi sasa. Yule bwana wa pasi kituoni hupenda kuombwa mara nyingi."

Wawira akamwambia siku, na safari hii hakutazama chini.