Mngurumo wa Amplifaya ya Illuminée

Amplifaya ya marehemu mke wangu, Illuminée, ilianza kunguruma baada ya yeye kuzikwa, na wa kulaumiwa niliwajua siku ile ile: wakubwa wa umeme. Waliweka transfoma mpya hapa Kinyinya kwa ajili ya maghorofa ya wenye nacho, sisi tukaachiwa makapi. Nilikwenda kulalamika. Mtu wa kaunta akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia, "Darasa la tatu, lakini masikio yangu yamemaliza chuo." Hakucheka. Hawachekagi wale.

Kesho kwaya inakuja hapa nyumbani kwa sala ya mwaka mmoja. Illuminée ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wao, nami nataka gitaa lake lisikike kwenye amplifaya yake mwenyewe, hii ya zamani yenye taa za kioo ndani za kukuza sauti. Juzi Pudentienne, mkuu wa kwaya, alikuja kuijaribu. Alikuwa amevua viatu, sakafu mbichi kwa unyevu. Alipogusa nyuzi akaruka.

"Yewe! Inauma hii! Mzee Rutayisire, ikibaki hivi tutaleta kinanda."

Kinanda! Kile cha plastiki ambacho mke wangu alikuwa anakiita simu ya mtoto. Tangu juzi situlii, silali. Nakaa nainuka, naiwasha naizima.

Leo asubuhi nikamwita Usumani, fundi cherehani wa Biryogo, rafiki yangu, zamani alikuwa anapiga gitaa kwenye harusi. Akaiwasha, akainamisha kichwa.

"Bwana wee, inanguruma kama mama mkwe aliyenyimwa chai."

"Usinitanie. Ni transfoma."

"Ngoja kwanza. Chomoa gitaa."

Nikachomoa. Mngurumo ukabaki. Akapunguza sauti mpaka mwisho, bado. Akagongagonga taa moja moja kwa penseli, taratibu, anasikiliza. Hakuna iliyojibu.

"Gitaa halina kosa, na taa naona ni nzima," akasema. "Tuipeleke kwenye umeme wa mtu mwingine. Nani jirani yako?"

"Huko siendi." Jirani yangu ni Mukantwari, kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wetu huu, na mimi na yeye hatusemezani. Siku za ikiriyo, matanga ya mke wangu, tulipokesha nje tukizunguka moto kama ilivyo desturi, alikuja akasema moto usiwe karibu na barabara, tuusogeze nyuma, ukutani. Kaburi lake hata halijakauka, mimi napangiwa pa kumlilia!

"Basi kaa na kinanda," Usumani akasema, akaanza kuvaa viatu.

Tukaibeba. Mukantwari akafungua mlango, akatutazama, akatuonyesha soketi kwa kidole. Usumani akaiwasha. Taa zikawaka nyekundu. Kimya, bwana! Kimya kabisa.

"Huyu naye anakula umeme wa transfoma ile ile," Usumani akaniambia. "Sasa utamlaumu nani?"

Nikaichomoa, na swali lake liliniudhi kuliko mngurumo.

Tukarudi nayo, Mukantwari nyuma yetu. Usumani akaufuata kwa macho ule waya unaotoka kwenye mita kwenda ardhini, ule wa kumwaga umeme uliopotea njia. Ulishuka ukutani, ukaingia chini ya bati.

"Chini ya bati kuna nini?"

"Hapana, hapo usiguse."

Ni majivu ya moto wetu wa ikiriyo. Niliyafunika kwa lile bati mimi mwenyewe, mvua isiyachukue. Watoto wangu walitaka kufagia, nikawafukuza.

"Moto uliwashwa juu ya waya, kaka," Usumani akasema polepole. "Umeungua."

Nikamgeukia Mukantwari. "Umeona? Ni wewe! Ndiyo uongozi wenu huo!"

"Ni mimi nilisema musogeze," akajibu. "Na usiku zote nililala hapa nje na nyinyi, na baridi yake. Hiyo nayo iko kosa?"

Usumani akashika jembe. Nikamnyang'anya. Nikazima umeme wote, nikainua bati, nikachimba. Makaa mengine yalikuwa bado na umbo la kuni. Mukantwari akapiga magoti, akawa anayachota kwa mikono anayatia kwenye beseni, hakumwaga hata kidogo. Tukaukuta waya: mweusi, umekatika kabisa. Usumani akafunga mpya kwenye chuma cha ardhini, akakaza.

Nikarudisha umeme, nikachomeka gitaa, nikaiwasha amplifaya. Mngurumo haupo. Nikasimama peku kwenye sakafu mbichi, nikashika nyuzi za Illuminée. Haziumi.

Usumani akampigia Pudentienne, akaweka simu mbele ya spika.

"Sisikii kitu," Pudentienne akasema.

"Ndiyo maana nimekupigia! Kinanda kiache hukohuko."

Mukantwari alikuwa ananawa bombani, anaondoka. Nikamwita.

"Kesho uje mapema. Na ulete viti vyako. Vile vya mudugudu vimevunjika, na hilo ni kosa la viongozi."