Kitanda cha Pili

Bwana Hirve, msimamizi wa nyumba ya mahujaji iliyo nyuma ya soko la maua hapa Pandharpur, alimwona Indumati akishuka kwenye bajaji na begi lake, akaendelea kutazama ndani ya bajaji akimsubiri mtu wa pili. Bajaji ikaondoka.

"Na bwana mkubwa?" akauliza. "Au magoti yamemgomea safari hii?"

"Alifariki, shemeji. Mwezi wa Falgun, baridi ilipokuwa inaisha."

Hirve akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Alikuwa amemfahamu Madhukar, mume wa Indumati, kwa miaka mingi, tangu wote wawili wana nywele nyeusi. "Pole sana. Habari haikunifikia," akasema. "Chumba chake kipo. Alinipigia simu mwenyewe wakati wa baridi. Akasema safari hii hataki kulala barazani, anataka chumba cha juu, vitanda viwili, chenye dirisha. Nikamtania kwamba amekuwa mzee."

"Alikuwa mzee," Indumati akasema, akachukua ufunguo.

Miaka yote walikuja kwa miguu na watu wa kijiji chao, Madhukar akiwa mstari wa mbele na matoazi yake, Indumati nyuma pamoja na wanawake wenye vyungu vya mrihani kichwani. Walilala walipoangukia, kwenye madarasa ya shule, kwenye maghala ya vitunguu, na hapa Pandharpur kwenye baraza la Hirve, wamebanana na wenzao hata kugeuka ilikuwa kazi. Mwaka huu wenzao walikuja nyumbani kumwambia waondoke pamoja. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua, na yeye akaona jinsi walivyokwepa kutazama kigoda cha Madhukar. Akawaambia mguu unamsumbua. Kisha akapanda basi.

Angeweza pia kubaki nyumbani. Lakini Madhukar, siku zake za mwisho kule hospitalini, alipokuwa hana tena nguvu za kusema mengi, alisema mara mbili kwamba chumba kisikae bure.

Chumba kilikuwa kidogo, na dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Indumati akakalia kitanda kimoja. Juu ya kile cha pili akapanga vitu vya mumewe alivyokuja navyo bila kujua kwa nini: kilemba cheupe, shuka lake la kujifunika, na yale matoazi yaliyofungwa kwa kamba nyekundu.

Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa imejaa. Watu walilala ngazini. Jikoni palikuwa na foleni ya kuchemsha maji, na nguo mbichi zilitundikwa hata kwenye picha ya mwasisi wa nyumba. Hirve alikuja kugonga mlango kwa niaba ya familia moja kutoka Latur yenye bibi mgonjwa.

"Shemeji, kile kitanda kingine..."

"Kina mtu," Indumati akasema.

Hirve alichungulia, akaona kilemba, akarudi zake chini.

Kesho yake Indumati akaenda kujipanga kwenye foleni ya hekalu la mungu Vithoba, ambayo siku hiyo ilikuwa imeshavuka daraja na kuingia mashambani. Mwanamke aliyekuwa mbele yake akageuka na kumuuliza kwa ukarimu, "Mama, wewe uko na kundi gani?" Hakuwa na ubaya wowote, tena mkononi alikuwa na karanga za kumpa. Indumati akajibu kwamba anawatafuta wenzake. Akatoka kwenye foleni kama mtu aliyewaona kwa mbali, akatembea hadi alipohakikisha yule mwanamke hamwoni tena.

Aliporudi alimkuta msichana amekaa kwenye ngazi ya mwisho, karibu na vyoo, mvua ikimrushia matone mgongoni. Alikuwa mwembamba, bangili za kijani mkononi, miguu imepasukapasuka kwa mwendo. Mbele yake amesimama mwanamke mnene mwenye sari ya rangi ya zambarau, anasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima ulikuwa unaisikia.

"Nilikununulia vidonge vya kuzuia siku zako. Nilikuwekea mkononi. Sasa umevifanya nini?"

"Nilivitapika, mama. Siku ile ya jua kali."

"Ukatapika ukanyamaza. Umebeba chungu cha mrihani njia yote, leo tumefika mlangoni kwa Vithoba ndiyo unaingia mwezini. Umeona wapi mambo haya?"

"Mimi ningechagua siku hii kweli, mama?"

"Na ulimi bado unao."

Mwanamke huyo aliitwa Thakubai, na msichana alikuwa mke wa mwanawe, jina lake Surekha. Kundi lao kutoka upande wa Jalna lilikuwa ukumbini pamoja na ngoma na picha ya mungu wao, na hawakutaka alale humo karibu na picha hiyo akiwa katika siku zake. Hirve alikuwa amekuna kichwa hadi amechoka. Alimtazama Indumati, akafungua mdomo, akaufunga.

"Alale kwangu," Indumati akasema.

Juu, Surekha hakukubali kukaribia kitanda. Akakaa chini kwenye pembe, amekumbatia magoti. "Hapa panatosha, shangazi. Naona hicho kina vitu vya mtu."

"Vya mume wangu."

"Atakuja saa ngapi? Nitoke kabla hajafika."

Indumati akamwambia. Surekha akasema, "Basi usiviondoe. Mimi sakafu nimeizoea," akatandika shuka lake pale pale. Muda mfupi baadaye alikuwa anakoroma. Indumati alilala akimsikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Falgun kusikia pumzi ya mtu mwingine chumbani, na hakuwa na haraka ya kusinzia.

Siku ya Ekadashi, sikukuu yenyewe ya hija na ya kufunga, nyumba ilibaki tupu kabla jua halijachomoza. Makundi yalitoka moja baada ya jingine yakiimba, ngoma zikapita chini ya dirisha, zikafifia kuelekea mtoni. Hata Hirve alikwenda, akawaachia funguo za jiko. Zikabaki ndoo, kandambili za watu, na wanawake wawili.

"Wewe huendi, shangazi?" Surekha akauliza.

"Nitakwenda baadaye."

"Baadaye lini? Mimi nimekatazwa. Wewe umekatazwa na nani?"

Indumati akachukua funguo za jiko. Akashuka jikoni, akapika sago na viazi na karanga, chakula cha wafungaji, akachemsha na chai. Surekha alikula kwa adabu mwanzoni, kisha bila adabu. Alikuwa msemaji. Alieleza jinsi mpiga ngoma wao alivyoanguka mtoni akaokoa ngoma kwanza na miwani baadaye. Alieleza kwamba baba yake, mkata miwa, alikuwa akiahidi kumleta Pandharpur kila alipolewa, na asubuhi alikuwa hakumbuki. Alipoolewa kwenye nyumba ya watu wanaokuja kila mwaka, alihesabu hiyo ndiyo bahati yake.

"Mama mkwe si mbaya," akasema akilamba vidole. "Anapenda tu watu wamsikie. Hebu niambie, haya matoazi alikuwa anayapiga vizuri?"

"Vizuri mno. Walikuwa wakimpisha mbele."

"Yapige nisikie."

"Mimi sijui. Nilikuwa nayasikia tu."

"Mimi siruhusiwi kuyagusa. Yapige wewe, shangazi. Nyumba yote tupu, nani atatucheka?"

Indumati akafungua ile kamba nyekundu. Akayagonganisha, yakatoa sauti kama sufuria iliyodondoka. Surekha akacheka hadi akajishika tumbo. Indumati akajaribu tena, na tena, hadi mapigo yakaanza kufuatana kwa mwendo ambao miguu yake ilikuwa inaukumbuka kuliko mikono. Surekha akaacha kucheka, akaanza kupiga makofi. Walipiga hivyo kwa muda. Indumati alipoacha, aliyafunga tena kwa ile kamba nyekundu.

"Twende juu ya paa," akasema.

"Kufanya nini?"

"Kilele cha hekalu kinaonekana. Wengi wanaofika huku hawaingii ndani. Wanainamia kilele tu, na inahesabiwa."

"Hata kwa mtu aliye hivi?"

"Kinatazamwa na kunguru na mbwa. Nani atakuja kuuliza?"

Walipanda. Juu kulikuwa na matangi ya maji na kamba za nguo, na iliwabidi kusogeza sari za watu ili kuona. Kilele kilikuwa pale, nyuma ya mnara wa simu, cheupe kwenye mawingu ya mvua. Surekha akajifunika kichwa, akaunganisha viganja, akainamia kilele.

"Ni hicho tu?"

"Ni hicho."

"Nilidhani ni kikubwa zaidi," akasema, na machozi yakawa yanamshuka. Indumati alimshika bega.

Hivyo ndivyo Thakubai alivyowakuta. Miguu ilikuwa imemvimba kwenye foleni, ameiacha nafasi yake, amerudi amelowa, amepanda kuanika nguo. Alitazama kichwa cha Surekha kilichofunikwa na viganja vyake, akaelewa.

"Mbele ya mungu, katika hali hiyo," akasema. Hakupaza sauti safari hii. "Siku kuu kama ya leo."

Surekha akarudi nyuma hatua moja. Bega lake likatoka mkononi mwa Indumati. "Mama, mimi sikutaka," akasema. "Nilikuwa nimelala. Ni huyu shangazi aliyenilazimisha. Alinivuta mkono."

Indumati akamtazama. Msichana alikuwa anatazama sakafu ya paa, ametoa macho kama mtoto anayesubiri kofi.

"Ni kweli?" Thakubai akauliza.

"Ni kweli," Indumati akasema. "Nilimlazimisha. Alinikatalia mara nyingi."

Thakubai alimtazama kuanzia shingo yake isiyo na ushanga wa ndoa hadi mikono yake isiyo na bangili. "Nakuelewa, dada yangu," akasema. "Mtu akikosa wake, anashika wa wenzake. Lakini huyu ana kwao."

Wakashuka, mama mkwe mbele. Surekha hakugeuka. Indumati alibaki juu ya paa hadi mvua ilipoanza upya, akaanua nguo za watu wote, akazikunja, akaziacha kwenye ngazi.

Usiku ule Surekha alilala barazani, nyuma ya pazia la gunia. Kundi la Jalna liliondoka asubuhi kwa lori. Indumati alisikia ngoma zikipakiwa, akasikia sauti ya Thakubai ikihesabu sufuria, na mara moja kicheko alichokitambua. Alikuwa na lake la kusema, kwamba hakuna ubaya, kwamba hata yeye katika umri ule angesema vile vile. Alifika hadi kwenye kizingiti cha chumba. Kisha akafikiria jinsi msichana angelazimika kujieleza mbele ya lori zima, akarudi akakaa. Lori likaondoka.

Nyumba ilimwaga watu nje siku ile yote. Mchana Hirve alipita na fagio. "Sasa vyumba ni tele, shemeji. Ukitaka cha upande wa mtoni nikuhamishe."

"Hiki kinatosha."

"Umemwona Vithoba?"

"Bado."

"Nenda jioni. Sasa hakuna watu."

Alikwenda, shuka la mumewe begani. Njia ilikuwa tope na maua yaliyokanyagwa, wauzaji wanafungasha. Foleni ilikuwa fupi. Alipofika mbele aliinamisha kichwa kwenye miguu ya sanamu ya Vithoba, jiwe jeusi lililolainishwa na mapaji ya nyuso za watu, na alikuwa amejiandaa kusema habari za Madhukar, lakini jina lililomjia mdomoni kwanza lilikuwa la Surekha. Akaomba asionewe. Kabla hajafikia habari za mumewe, mlinzi alimsukuma taratibu, "Songa, mama, songa," naye akawa ameshatoka nje, uani.

Akakaa kwenye ngazi za mtoni. Wafagiaji walikuwa wanakusanya majani ya ndizi. Akajaribu kumaliza ombi lake pale, bila jiwe wala mlinzi, na akaona hana la kuomba. Alikuwa na habari tu za kumsimulia Madhukar: kwamba chumba kilikuwa na dirisha la kutazama ukuta, kwamba matoazi ni mazito kuliko yalivyoonekana, kwamba msichana mmoja alikula sago yake yote. Alisimulia kimoyomoyo hadi mwisho, pamoja na mambo ya paa. Kukaanza kuwa baridi, akajifunika shuka la mumewe, akaendelea kukaa.