Namba Moja kutoka Japani

Mzee Ndolo alikuwa na CD nane za zilipendwa za Wamarekani, soul na funk za enzi alipokuwa karani kijana mwenye nywele nyingi. Zote nane zilikuwa za mfululizo mmoja, nazo zimepewa namba. Namba moja aliiheshimu kama cheti cha ndoa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana aliipangusa kwa kitambaa cha miwani, akawaita majirani barazani kwake hapo mtaa wa Mowlem, Nairobi, wakae waisikilize na, zaidi ya hapo, wamsikilize yeye. Namba mbili aliivumilia. Kuanzia ya tatu, alisema, watengenezaji walikuwa wameishiwa, wanakwangua sufuria tu: waimbaji waliozeeka wanarudia nyimbo zao kwa kinanda cha bei rahisi, wimbo mmoja umewekwa mara mbili kwa majina mawili.

Mkewe, Mbeti, alikuwa na kibanda cha kushona nguo karibu na geti. Hakuwa na ugomvi na soul. Kilichomuuma ni namba saba. Hiyo alimnunulia mumewe yeye mwenyewe, zawadi ya kustaafu, baada ya kuitafuta mjini siku mbili. Ndolo alisikiliza nusu ya wimbo wa kwanza, akasema asante. Wiki iliyofuata Mbeti akaikuta imening'inizwa kwa uzi juu ya sukuma wiki, inazunguka na upepo kufukuza ndege.

Aliukata ule uzi, akaiosha CD kwa sabuni, akaenda nayo kibandani, kwenye redio yake ndogo ya CD. Alipoimaliza akairudisha kwenye rafu, akawa anazichukua nyingine, moja moja, na kuzirudisha bila mumewe kujua, maana mwenyewe hakuwa akizigusa. Akashona akisikiliza. Akakuta kwamba Ndolo hakuwa amedanganya: takataka zilikuwa nyingi. Lakini kila CD ilikuwa na nyimbo mbili tatu zilizofichwa humo ndani kama nyama chini ya wali. Katika namba saba, wimbo wa tatu ulikuwa na besi iliyomfanya asahau kitambaa, cherehani ikashona hewa.

Jumamosi moja akataja, kwa upole tu, kwamba namba nne ina wimbo mzuri mwishoni. Ndolo akatabasamu mbele ya wageni.

"Mama Munyoki, wewe shona. Masikio niachie mimi."

Wageni wakacheka. Mbeti naye akacheka, na Jumatatu akaenda kwa Wehliye, kijana aliyekuwa na duka la kuchapisha picha na kunakili CD. Alimtaka aweke nyimbo kumi na mbili kwenye CD moja na achapishe jalada linalofanana na la namba moja, ila liwe na maandishi ya Kijapani. Wehliye akauliza maandishi yaseme nini. Mbeti akamwambia yaseme lolote, atakayeyaona hasomi Kijapani. Wehliye akayanakili kutoka karatasi ya maelezo ya sufuria ya umeme.

Nyimbo kumi na moja zilikuwa bora kuliko zote alizozipata katika zile CD zilizodharauliwa. Mmoja uliobaki ulikuwa mbovu kuliko zote: dakika saba za kinanda na tarumbeta inayoutafuta wimbo bila kuupata. Huo aliuweka katikati.

Alimwambia Ndolo kwamba imetumwa na mtoto wao Munyoki, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Mombasa na wahandisi wa Kijapani. Ni namba moja, toleo la kwao, lenye nyimbo ambazo kwingine ziliachwa. Ndolo aliigeuza ile CD mkononi kwa muda mrefu, akasema Wajapani ni watu makini.

Jumamosi ile baraza ilijaa. Ndolo alisikiliza akiwa amefumba macho, akasifu kila wimbo, na tarumbeta ilipoanza akainua mkono watu wanyamaze.

"Msikilizeni huyu," akasema. "Hapigi noti. Anaziepuka. Huo ndio ufundi."

Mbeti alikuwa akipinda sketi ya mteja. Alibana pini kwa midomo asicheke.

Alikusudia kumwambia jioni hiyo hiyo. Lakini Ndolo alishinda akipiga mbinja ile tarumbeta uani, mwenye furaha kama amepandishwa cheo, na Mbeti akaahirisha. Wiki zikapita. Kitu ambacho hakukitarajia ni kwamba mumewe, kwa raha ya ile ya Japani, angeanza kupunguza rafu. Namba tano akampa Wamalwa, jirani yao dereva wa lori, aiweke garini.

Kisha Ayuma, binti ya Wamalwa, akahitimu uuguzi. Hema likasimamishwa uani, mbuzi wawili wakaletwa kutoka soko la Kiamaiko, na Ndolo akaombwa alete muziki. Alileta CD moja tu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Hata shangazi wa Ayuma aliyetoka mtaa wa Lucky Summer akilalamika goti aliinuka kucheza. Halafu tarumbeta ikaingia. Watu wakakumbuka sahani zao mmoja mmoja, mpaka akabaki Ndolo peke yake katikati ya hema, macho yamefumbwa, anayumba.

Wamalwa akamsogelea na mfupa mkononi.

"Mzee, hii si ile ya namba tano? Ile ulinipa ya lori. Hii mimi huiruka hata nikiwa nimekwama kwa jam."

Ndolo akamweleza kwa subira kwamba hii ni ya Japani. Wamalwa hakubishana. Alienda kwa lori, akarudi na namba tano, wakaipiga mbele ya wote. Tarumbeta ni ile ile, inapotea pale pale. Ndolo akageuka kumtazama mkewe. Safari hii Mbeti hakuwa na pini. Alicheka mpaka akashika mlingoti wa hema.

Ndolo hakumsemesha Jumapili nzima. Jumatatu, akiwa kibandani, Mbeti alisikia namba tatu ikipigwa nyumbani, mwanzo hadi mwisho, kisha namba nne. Iliendelea hivyo siku nne. Alhamisi Ndolo akatokea kibandani na kikombe cha chai, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Wimbo wa tatu, namba saba," akasema.

"Enhe."

"Niliutundika kwa sukuma wiki."

"Uliutundika."

"Nisamehe, Mama Munyoki." Akamsogezea kikombe. "Lakini ile tarumbeta. Uliiweka ya nini?"

"Nilitaka kujua kama unasikiliza wimbo ama unasikiliza jalada."

Ndolo akafikiri. "Jalada lilikuwa zuri," akasema.

Majirani aliwaambia kwamba alijua tangu mwanzo, na Mbeti akamwachia hilo. Lakini Triza wa mlango wa tatu alipotaka nyimbo za harusi yake, alimpita Ndolo barazani kwa heshima, akamsalimu, akaenda moja kwa moja kibandani. Mbeti alichukua chaki ya kushonea akaanza kuandika orodha kwenye karatasi ya kukatia nguo. Ndolo aliwafuata, akasimama mlangoni mpaka walipofika wimbo wa nane. Hapo akakohoa, akauliza kama naye anaweza kupendekeza mmoja.

Mbeti, bila kuinua kichwa, akamwambia auimbe kwanza.